Michirizi ya machozi kwa mbwa: maswali yenu

Mbwa wangu mweupe ana michirizi ya kahawia chini ya macho, nikimwogesha haitoki. Ni uchafu?

Hapana, sio uchafu. Machozi ya mbwa yana kitu kinaitwa pofirini, mabaki yenye madini ya chuma yanayotokana na chembe nyekundu za damu zikivunjwa, yanatoka kwenye machozi na kwenye mate pia, afu yakikaa kwenye manyoya na kupigwa na jua yanazidi kukolea, ndo maana mbwa anayelamba sana miguu nayo inakuwa kama ina kutu. Mbwa mweusi anayo vilevile ila haionekani. Rangi ikishaingia kwenye unywele haitoki kwa kuosha, unasubiri manyoya mapya huku ukipunguza ya zamani.

Nasafishaje? Rafiki kaniambia nitumie haidrojeni peroksaidi.

Rafiki yako aiweke mbali hiyo, ikiingia jichoni inaunguza. Maji ya uvuguvugu na pamba vinatosha kabisa, futa toka kona ya jicho kwenda nje, kila jicho na pamba yake, alafu KAUSHA, hapa wengi ndo wanazembea, manyoya yakibaki na unyevu fangasi wanashamiri na harufu inaanza. Fanya kila siku. Ukipunguza manyoya tumia mkasi wenye ncha butu na mtu wa kumshika.

Kuna poda za kuchanganya kwenye chakula, zinafanya kazi?

Soma lebo kwanza. Baadhi zilikuwa na tailosini, ambayo ni antibayotiki, na mwaka 2014 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya watengenezaji kwa sababu dawa hizo hazikuwa zimeidhinishwa kwa kazi hiyo. Kumlisha mbwa antibayotiki miezi na miezi ili apendeze kwenye picha mi siungi mkono, unatengeneza usugu wa bakteria bure.

Wangu ni jicho moja tu, limeanza juzi ghafla na analifumba fumba.

Wewe acha kusoma mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Jicho moja, ghafla, analifumba, hiyo inaweza kuwa kidonda kwenye kioo cha jicho, au kitu kimeingia, au kope imejikunjia ndani inakwaruza. Tongotongo za njano au kijani nazo ni hivyo hivyo. Na usimtie matone yako ya macho yaliyobaki kabatini, yakiwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na kuna kidonda unaweza kumharibia jicho.

Mbwa wangu wa aina ya Shih Tzu kapimwa, daktari kaweka rangi jichoni ikatokea puani, kasema njia ya machozi iko wazi. Mbona bado anatoa machozi?

Uso wake ndo ulivyo. Macho yametokeza, sehemu ya kushikilia machozi ni ndogo, na vinyweleo vya juu ya pua vinagusa jicho kila saa. Vipunguze hivyo vinyweleo, futa asubuhi na jioni, itapungua lakini kuisha kabisa usitegemee.