Bendi ya PCNA kwenye tyubu isiyostahili

SWALI: Napima mRNA ya PCNA katika seli za binadamu kwa qPCR (kunakili DNA kwa mizunguko huku kiasi chake kikipimwa). Praima mbili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) nimeziweka kwenye eksoni tofauti, yaani sehemu za jeni zinazobaki kwenye mRNA, ili DNA ya jenomu isinisumbue. Lakini hata tyubu isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA inatoa bendi, na kwenye jeli urefu ni uleule. Praima zangu ni mbovu?
Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Kinachokusumbua huenda ni jeni bandia, yaani nakala ya jeni isiyofanya kazi. Jeni halisi ya PCNA, ile protini ya pete inayoizuia polimerasi kubanduka wakati DNA inanakiliwa, iko kromosomu 20 na imekatwa na introni, sehemu zinazoondolewa mRNA inapotengenezwa. Zamani sana mRNA yake iligeuzwa kuwa DNA na vimeng'enya vya LINE-1 (kipande cha jenomu kinachojinakili na kujipachika), ikapachikwa kwingine, kwa mfano kromosomu 4, introni zikiwa zimeshaondolewa. Ndiyo maana hila yako haisaidii hapa: nakala hizo zina urefu uleule wa cDNA, yaani DNA iliyotokana na mRNA. Bendi ya jeni halisi ingekuwa ndefu zaidi.

Ili uzitambue, tafuta protini nzima (asidi amino 261) kwenye GRCh38 (toleo la rejea la jenomu ya binadamu) kwa TBLASTN, programu inayolinganisha protini na DNA iliyotafsiriwa. BLAT, programu nyingine ya kutafuta mifuatano, ni ya haraka, ila kwa DNA imelengwa mifuatano inayofanana kwa 95% na zaidi, hivyo nakala kongwe huweza kuiponyoka. Vipande vilivyoachana vya kromosomu 20 ndiyo jeni yenyewe. Mfuatano mmoja usiokatika mahali pengine ndio wa kushuku. Chukua besi 1,000 za kila upande wake, utafute mkia wa A, marudio ya besi 7 hadi 20 kwenye kingo zote mbili, kodoni za kusimamisha zilizowahi (alama za kumaliza protini kabla ya wakati), na besi zilizopotea au kuongezeka. Usidai zote, kwani mkia wa A huchakaa mapema. Wala kukosa introni pekee si ushahidi: jeni nyingi za histoni hazina introni na zinafanya kazi.

Sasa tiba. Tia DNase I (kimeng'enya kinachokata DNA) yuniti 1 kwa mikrogramu 1 ya RNA katika mikrolita 10, dakika 15, joto la chumba. Ongeza mikrolita 1 ya EDTA 25 mM (kemikali inayofunga magnesi), kisha 65 °C dakika 10. Ukiruka EDTA, magnesi itaikatakata RNA kwenye joto. Panga upya praima ili besi za mwisho za 3' (ncha ambapo kunakili huanzia) ziangukie pale jeni inapotofautiana na nakala. Tyubu ya udhibiti, ile isiyotiwa kimeng'enya, ikichelewa mizunguko 7 au zaidi nyuma ya iliyotiwa, mchango wake hauzidi 1%, endelea na kazi.