Neno "tulimdhania" katika Isaya 53

Mhariri,

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: ikiwa Kristo alikwisha kuyachukua mateso yetu kama Isaya alivyotabiri, mbona Mkristo anaugua hadi leo, je, ni kwa sababu ya dhambi yake mwenyewe? Ninajibu nikiwa Jinja, mtoto wa askari niliyelelewa kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride na ya ibada pia. Jibu langu ni hapana, na sababu yake imo katika neno moja ambalo wahubiri wetu wamezoea kulipita mbio ili wafike kwenye kupigwa na kupona.

Mstari wa nne wa sura ya 53 wasema: "Hakika ameyachukua masikitiko yetu, amejitwika huzuni zetu, lakini tulimdhania ya kuwa amepigwa, amepigwa na Mungu, na kuteswa." Wanaosema hapa ni "sisi", na tunachokisikia ni maungamo. Kabla hawajasema kwamba wamepotea kama kondoo, wanakiri kwamba walimhukumu vibaya mtu: walimwona ana majeraha, wakakata shauri kwamba Mungu ndiye aliyempiga kwa maovu yake. Wala hawakuitoa hukumu hiyo hewani, kwa maana Kumbukumbu la Torati 28 inayataja magonjwa miongoni mwa laana zitakazomfuata asiyetii, na rafiki zake Ayubu walijenga hoja zao zote juu ya msingi wa namna hiyo. Nabii hakanushi kwamba dhambi ipo. Anasema dhambi ilikuwa upande wa watazamaji, na maumivu yakawa upande wa mtumishi wa Mungu, yule anayesimuliwa katika sura hii. Wanafunzi walipomwuliza Yesu, katika Yohana 9, kama kipofu yule alitenda dhambi yeye au wazazi wake, walikuwa bado wamesimama mahali pale pale pa kudhania, na Yesu akawaondoa hapo kwa kuwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Neno la Kiebrania ambalo Biblia yetu ya Kiswahili imelifasiri kuwa "masikitiko" ndilo neno la kawaida la ugonjwa. Mathayo analijua hilo, na katika sura ya 8 anaunukuu mstari huu kuhusu Yesu aliyewaponya wagonjwa wa Kapernaumu, muda mrefu kabla ya msalaba. Kwa hiyo anayemtumia Isaya kumlaumu mgonjwa analisoma andiko kinyume na Injili inavyolisoma.

Sisi watu wa Uganda, wenyeji na waliohamia, wa makabila yote, tuna sababu ya kulijua neno "tulimdhania" kuliko wengi. Ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1982 kando ya Ziwa Victoria, huko Rakai, ambao leo tunauita UKIMWI, uliitwa Silimu kwa sababu uliwakondesha watu, na kabla ya vipimo kulikuwa na maelezo mawili tu vijijini: uchawi, au adhabu ya Mungu. Philly Lutaaya, mwanamuziki, alipojitokeza hadharani mwaka 1989 kusema kwamba anao, wapo waliodai anatafuta umaarufu. Akazunguka mashuleni na makanisani akiwaonya vijana, na Desemba mwaka huo huo akafariki. Mjomba wangu alirudi kutoka ziwani akiwa na mwili huo huo mwembamba. Nyumbani alitengewa kikombe chake. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuja kumwombea, akamwombea toba kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya tatu, na mjomba alipofariki mwaka 1991, michango ya mazishi ambayo kila mshiriki hupewa sisi tulinyimwa, kwa hoja kwamba kanisa lisionekane limebariki dhambi.

Kuhusu mtumishi mwenyewe ni nani, sitakaa sana, ingawa ni swali la haki. Wayahudi wengi, na Rashi, mfafanuzi wa Maandiko wa karne ya 11, akiwa mashuhuri kati yao, wamemsoma kuwa taifa la Israeli, nao wana andiko, maana Isaya 49:3 inamwita mtumishi kwa jina hilo. Towashi wa Kushi aliuliza swali lilo hilo garini katika Matendo 8, na Filipo akaanza na andiko hilo kumhubiri Yesu. Mimi naamini kama Filipo. Lakini hata msomaji asiyeamini hivyo hawezi kulifuta lile "tulimdhania".

Linalonishughulisha zaidi ni mstari wa 10. Panaposomeka "dhabihu kwa dhambi", Kiebrania kina neno ashamu, ambalo katika Mambo ya Walawi 5 na 6 ya Biblia hiyo hiyo linafasiriwa "sadaka ya hatia". Tofauti si ndogo. Ashamu ilimhusu, pamoja na wengine, mtu aliyemdhulumu jirani yake: hakutosha kuleta kondoo dume kwa kuhani, ilimpasa kwanza arudishe alichokitwaa kwa ukamilifu, kisha aongeze sehemu ya tano. Nabii anapoiita nafsi ya mtumishi kwa jina la sadaka hiyo, ninaelewa kwamba ukombozi anaoutabiri unagusa pia deni lililo kati ya mtu na mtu. Walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kufika Kabale katika miaka ya 1930, walilishika jambo hili kuliko wasomi: aliyeungama wizi aliirudisha mali ya watu. Zakayo naye alirudisha mara nne. Msalaba umelipa tusichoweza kulipa, lakini sioni mahali manabii walipomruhusu mkosaji kubaki na ng'ombe wa jirani.

Kwa hiyo ningeligeuza swali la jarida. Badala ya kumwuliza mgonjwa alitenda nini, tujiulize sisi tulimdhania nini, na dhana hiyo ilimgharimu kiasi gani.

Mwaka 2003 yule mzee alifika kwa mke wa mjomba bila kuitwa. Alisimama mlangoni, akasema kwamba walimdhania marehemu vibaya, akatoa bahasha yenye michango iliyozuiwa miaka 12 nyuma, na nyuma yake kijana alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Sijui kama alikuwa amesoma Walawi. Mke wa mjomba alizihesabu fedha mbele yake, akamwandalia chai, na juu ya msamaha hakusema neno.

Msomaji wenu, Jinja