Ufizi ukikatwa, kipimo cha kofia ya jino kichukuliwe lini?

SWALI: Assalaam alaykum. Gego langu la chini limevunjika hadi karibu na ufizi, na mzizi umeshatibiwa. Daktari wangu wa Malindi ataka kupasua ufizi, halafu nirudi baada ya miezi miwili kuchukuliwa kipimo cha kofia. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha basi, na nauli si mchezo. Kwani hawezi kumaliza yote siku moja?
Msomaji, Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam. Kukata aweza siku moja. Kipimo cha mwisho, hapana, na hapo daktari wako yuko sawa.

Katika upasuaji huu mara nyingi hupunguzwa ufizi pamoja na mfupa kidogo, ili kati ya ukingo wa kofia na mfupa ibaki nafasi ya milimita 3 hivi. Nafasi ikiwa finyu, ufizi hubaki mwekundu na kutoka damu kila ukipiga mswaki. Baada ya kupasuliwa, ufizi huvimba, kisha hunywea. Ufizi mnene huota tena kupanda juu ya jino, ufizi mwembamba huzidi kurudi nyuma. Ukipimwa leo, kofia itafuata mstari ambao mwezi ujao haupo.

Halafu kuna damu. Silikoni ya kupimia, ule ute mzito unaogandia jino na kuchukua umbo lake, haishiki umbo vizuri penye majimaji. Tone moja likikaa kwenye ukingo, kipimo hutoka na kitundu au mstari uliochanika, na fundi wa maabara hulazimika kubuni ukingo. Kofia ya namna hiyo huacha mwanya, na jino huoza chini yake.

Kwa gego, wiki 6 hadi 8 zatosha. Meno ya mbele husubiri miezi 3 hadi 6, kwani huko hata nusu milimita yaonekana ukicheka. Kama ulipunguzwa ufizi tu, mfupa haukuguswa, muda huwa mfupi zaidi.

Safari ya kati yaweza kuepukika: nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14, na daktari yeyote wa meno aliye karibu nawe aweza kuzitoa. Mwombe wa Malindi akuandikie barua.

Usiondoke bila kofia ya muda, nayo ukingo wake uishie juu ya ufizi, usiuguse. Wiki mbili za kwanza sukutua klorheksidini ya 0.2%, mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na usiku. Ukiwa unatumia dawa hiyo, chai ya rangi itaacha madoa ya kahawia kwenye meno, lakini daktari huyasafisha. Tafunia upande wa pili. Miraa na tambuu weka kando kabisa, maana jino lililotibiwa mzizi hupasuka kirahisi. Kofia ya muda ikitoka, usiigandishe kwa gundi ya supaglu. Rudi kwa daktari ndani ya siku chache, la sivyo ufizi hufunika ukingo na meno jirani husogea.

Siku ya kipimo, ufizi uwe wa waridi, mgumu, usiotoa damu ukiguswa. Daktari ataingiza kiuzi chenye dawa kati ya ufizi na jino ili ukingo ujitokeze. Kipimo kikitoka mdomoni, mwombe akuonyeshe: mstari wa ukingo uzunguke jino lote bila kukatika. Ukikatika, kirudiwe papo hapo kabla hujapanda basi.