Taa ya diski haizimiki: nani anakula umeme?

SWALI: Nina duka dogo la steshenari Makulu, hapa Dodoma. Laptopu ninayochapia kazi za wanafunzi ni ya mtumba: Windows 10, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Taa ya diski inawaka mfululizo hata nikiwa sijafungua kitu, mashine inakoroma, na umeme ukikatika betri haifikishi saa moja. Fundi anataka kupiga Windows upya. Nimruhusu?
Msomaji, Makulu

JIBU: Bado. Mshike mwizi kwanza. Washa mashine, iache dakika kumi, funga kila programu, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, Enter. Ingia Disk, fungua Disk Activity, bofya kichwa cha safu ya Total ili walafi wapande juu.

Wengi husoma jina la programu, wakikuta System wanakata tamaa. Wewe soma safu ya File. Ukiona pagefile.sys, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imejaa na Windows imeigeuza diski kuwa stoo. Hapo hakuna cha kuzima, ongeza RAM ifike GB 8. Njia ya faili yenye neno SoftwareDistribution ni masasisho. Kwenye safu ya programu (Image), MsMpEng.exe ni kizuia virusi, na SearchIndexer.exe huorodhesha faili zako ili zitafutike upesi.

Windows hupanga matengenezo yake saa 8 usiku. Mashine ya dukani huzimwa jioni, kwa hiyo kazi hiyo huvizia mchana, pale unapoacha kibodi kumhudumia mteja. Usiku mmoja iache kwenye umeme bila kulala, uone kama kesho yake itatulia.

Angalia pia safu ya Response Time. Diski ya kuzunguka iliyo nzima hujibu kwa milisekunde 10 hadi 20 hivi. Ikiganda kwenye mamia huku kasi ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, huenda diski inakufa. Nakili kazi za wateja kwenye flashi siku hiyohiyo, kabla ya jaribio lingine lolote (kupiga Windows juu ya diski hiyo ni kuimaliza), kisha funga SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, inayokaa palepale pa diski ya zamani. Pesa ikitosha kitu kimoja, sisi tungeanza na SSD kuliko RAM.

Kuhusu betri, usiitwishe diski mzigo wote: ya laptopu hula kama wati 2 tu ikiwa kazini. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya Administrator, andika powercfg /batteryreport, ufungue ripoti na kulinganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa ikijaa). Betri iliyotoka mWh 41,000 ikabaki 16,000, kwa mashine inayovuta wati 16, itakata baada ya saa moja hata diski ikisinzia. Kisha andika powercfg /energy na usiguse kitu kwa sekunde 60. Ripoti itataja kifaa cha USB kinachokataa kulala na programu inayoichosha prosesa.

Halafu huko kukoroma huenda si diski. Diski mbovu hugonga au kukwaruza. Kinachokoroma ni feni, na kwa vumbi la Dodoma feni iliyozibwa huzunguka kwa nguvu kutwa nzima.

SWALI: Jioni nafunika laptopu, asubuhi naikuta ya moto na betri imekwisha.
Msomaji, Kondoa

JIBU: Asubuhi, ukiikuta bado haijazimika, andika powercfg /lastwake kwenye Command Prompt, itakutajia kilichoiamsha. Kikiwa kadi ya mtandao, ifungue kwenye Device Manager, ingia Power Management, toa tiki ya kuiruhusu iamshe kompyuta. Andika pia powercfg /a. Kwenye orodha ya njia za kulala zinazopatikana ukiona S0 Low Power Idle, mashine hiyo ikifunikwa hailali usingizi mzito. Kwenye mipangilio ya umeme chagua Hibernate (kazi huhifadhiwa kwenye diski, mashine ikazimika) kwa kitendo cha kufunika.