Uhaba wa Vipimo Ulipovikwa Joho la Sera

Mhariri,

Swali lenu la juma hili limetutaka tuseme kama serikali ya Uingereza ilifanya sawa, tarehe 12 Machi 2020, iliposimamisha upimaji wa UVIKO-19 mitaani, ikaacha kuwafuatilia watu waliokaribiana na wagonjwa, na kuvielekeza vipimo vyake kwa waliolazwa hospitalini. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na jibu langu huenda lisiwaridhishe wanaoilaumu serikali ile wala wanaoitetea. Kwa vipimo vilivyokuwapo siku ile, uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Ninachoilaumu serikali ni wiki ilizoziacha zipite kabla ya siku hiyo na, zaidi ya hapo, maelezo iliyowapa wananchi baadaye, pale upungufu wa vifaa ulipotangazwa kana kwamba ni hukumu ya kitaalamu.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 12 Machi wagonjwa waliothibitishwa nchini humo walikuwa 590. Siku hiyohiyo Patrick Vallance, aliyekuwa mshauri mkuu wa kisayansi wa serikali, alikadiria mbele ya waandishi wa habari kwamba walioambukizwa huenda walikuwa kati ya 5,000 na 10,000. Hata tukishika kadirio la chini, kwa kila mgonjwa mmoja aliyejulikana walikuwapo wengine saba au zaidi ambao hakuna aliyewajua. Siku moja kabla yake ilikuwa imetangazwa kwamba maabara zilipima sampuli 1,500 hivi kwa siku, na kwamba idadi hiyo ingepandishwa hadi 10,000. Ufuatiliaji nao ulikuwa mwembamba kuliko wengi walivyodhani: kumbukumbu za kikao cha 18 Februari cha kamati ya wanasayansi iliyoishauri serikali zinaonyesha kwamba shirika la Public Health England, lililosimamia afya ya umma, lingeweza kumudu wagonjwa wapya watano kwa wiki, ambao peke yao wangezaa watu 800 hivi wa kufuatiliwa, na kwamba uwezo huo ungeweza kuongezwa hadi wagonjwa 50. Katika hali hiyo, daktari mwenye vipimo vichache na wagonjwa wengi hana budi kuanza na yule anayehema kwa shida kitandani. Nisingeamua vinginevyo.

Lakini vipimo vichache havikuanguka kutoka mbinguni siku ile. Ili msomaji aone ninachokisema, naomba nimwingize maabara kwa dakika chache. Kijiti chenye pamba kikishapitishwa kooni na puani, huingizwa katika mrija wenye kimiminika na kufungwa. Maabara huiua virusi iliyomo, kisha kwa kutumia vitendanishi maalumu, yaani kemikali za maabara, huchuja vinasaba vyake kutoka katika ute na uchafu mwingine. Kinachobaki ni tone dogo lisilo na rangi, ambalo hutiwa katika kisima kimoja kati ya visima 96 vya sahani ya plastiki isiyozidi kiganja; visima viwili au zaidi havipewi mtu, kwa sababu huwekwa vya kulinganishia, kimoja kikiwa na kinasaba kinachojulikana na kingine kikiwa na maji matupu. Mashine huipasha sahani joto na kuipoza mara 40 hivi, na mahali penye virusi mstari kwenye kioo huanza kupanda. Kazi hii haina mahali pa kurukia. Ukikosa kitendanishi cha kuchujia, au vijiti, au ncha za plastiki za kunyonyea matone, mashine nzima hukaa kimya, hata kama wataalamu wamejaa chumbani. Mwaka ule kila nchi ilikuwa ikiagiza vitu hivyohivyo kwa watengenezaji walewale, na aliyechelewa kuagiza alikuta ghala tupu. Ndiyo maana swali la vipimo vya Machi lina jibu lake Januari.

Na Januari habari zote za msingi zilikuwa mezani. Mpangilio wa vinasaba vya virusi ulichapishwa na wanasayansi wa China tarehe 11 Januari 2020. Siku chache tu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo ya kipimo kilichobuniwa na Christian Drosten na wenzake katika hospitali ya Charité mjini Berlin, kwa yeyote aliyetaka kukitumia. Tarehe 30 Januari shirika hilo likatangaza dharura ya afya ya kimataifa. Uingereza yenyewe ilitengeneza kipimo chake mapema, na wataalamu wake walifanya kazi nzuri; sitaki mtu asome barua hii na kudhani nawadharau wenzangu wa maabara. Kipimo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuuliza jinsi kitakavyofanywa mara elfu kumi kwa siku badala ya mara mia.

Swali hilo liliulizwa Seoul. Tarehe 27 Januari 2020, Korea Kusini ikiwa na wagonjwa wanne tu, maofisa wa afya waliwaita wawakilishi wa kampuni za kutengeneza vipimo katika chumba cha mikutano kwenye kituo cha reli cha Seoul na kuwaambia waanze kazi mara moja, kwamba idhini ingetolewa haraka. Kampuni ya kwanza ilipata kibali tarehe 4 Februari. Haya hayakutokana na werevu wa pekee wa Wakorea. Mwaka 2015 MERS, ugonjwa wa njia ya hewa unaosababishwa na virusi vya jamii ya korona, uliingia nchini mwao kupitia msafiri mmoja, ukasambaa hospitalini, ukaambukiza watu 186 na kuua 38, na serikali ya wakati huo ikalaumiwa vikali. Baada ya aibu hiyo ndipo sheria ilipobadilishwa ili vipimo viweze kuruhusiwa kwa dharura. Kwa hiyo mlipuko mkubwa wa mji wa Daegu ulipojitokeza katikati ya Februari, vifaa vilikuwapo, na haikupita muda mrefu watu wakawa wanapimwa wakiwa ndani ya magari yao: kioo kinashushwa, mhudumu aliyevaa mavazi ya kujikinga anaingiza kijiti puani, kioo kinapandishwa, gari linaondoka, na dereva hakukanyaga kabisa chumba cha kusubiria chenye wagonjwa wengine.

Nakiri kwamba mfano wa Korea una upande ambao watetezi wa Uingereza wana haki ya kuutaja. Ufuatiliaji wa kule ulitumia taarifa za simu na kadi za benki kwa kiwango ambacho raia wa nchi nyingine wasingekikubali, na Daegu yenyewe kwa muda ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda. Hata hivyo, hoja ya faragha inahusu kufuatilia nyendo za watu. Haimzuii waziri kuagiza vitendanishi.

Hoja nzito zaidi ya utetezi ni ile ya mpango. Uingereza ilikuwa na mkakati wa maandalizi wa mwaka 2011 ulioandikwa kwa ajili ya mafua makali, na mafua husambaa upesi kiasi kwamba, baada ya siku za mwanzo, kumpima kila mtu na kufuatilia waliokaribiana naye huonekana kupoteza nguvu bure. Maofisa walifuata mpango waliopewa, na huwezi kumlaumu dereva kwa kufuata ramani. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi inayoongozwa na Heather Hallett, iliyotoka Julai 2024, imelisema jambo hili waziwazi: nchi ilikuwa imejiandaa kwa janga lisilo lenyewe. Nakubali. Lakini kufikia katikati ya Februari ramani ilikuwa imeshaonekana kuwa na kasoro. Meli ya watalii ya Diamond Princess ilikuwa imetia nanga Yokohama ikiwa na watu zaidi ya 3,700, na waliopimwa na kukutwa na virusi walikuwamo wengi wasio na dalili yoyote. Mwishoni mwa mwezi huo wakazi wa Vo', mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, walipimwa karibu wote, na zaidi ya asilimia 40 ya walioambukizwa hawakuwa na dalili. Matokeo kamili ya Vo' yalichapishwa miezi baadaye, lakini wanasayansi wa Italia hawakunyamaza hadi wakati huo.

Hapo pia ndipo vigezo vya upimaji vilipoonyesha udhaifu wao. Kwa wiki kadhaa, aliyekuwa na homa na kikohozi Uingereza alipimwa kama ametoka Wuhan au maeneo mengine yaliyotajwa, na baadaye kaskazini mwa Italia, au kama alikaribiana na mgonjwa anayejulikana. Aliyerudi kutoka likizo Hispania au Ufaransa aliambiwa hahitaji kipimo. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye na watafiti wa Oxford na Edinburgh ulionyesha kwamba virusi viliingizwa nchini humo zaidi ya mara elfu moja, sehemu kubwa ikitoka Hispania, Ufaransa na Italia, na sehemu ndogo mno ikitoka China. Maabara hukuta kile inacholetewa tu. Ukimkataza mgonjwa mlangoni kwa sababu ametoka nchi isiyo kwenye orodha, halafu ukasema nchi hiyo haina wagonjwa, umeamini orodha yako mwenyewe.

Sasa nije kwenye maelezo, ambayo ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Tarehe 16 Machi Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, aliziambia nchi zote zipime, zipime, zipime. Siku kumi baadaye, Jenny Harries, naibu mganga mkuu wa England, alieleza kwamba katika janga hufika wakati ambapo kupima na kufuatilia si hatua inayofaa tena. Mwananchi aliyesikia hivyo alielewa kwamba upimaji mpana ulipimwa kwa mizani ya sayansi ukaonekana hauhitajiki. Angeambiwa kwamba unahitajika sana ila vifaa havitoshi, angeelewa jambo jingine kabisa, na kila mwenye maabara angejua anachotakiwa kufanya. Maabara za vyuo vikuu na taasisi za utafiti zilikuwa na mashine zilezile na watu wenye mikono iliyozoea. Taasisi ya Francis Crick mjini London iligeuza vyumba vyake vya utafiti ikaanza kupima sampuli za hospitali, kwa juhudi yake zaidi kuliko kwa kuitwa. Wakati huo wauguzi na madaktari wenye kikohozi kidogo walikuwa wamejifungia majumbani bila kujua kama wanaumwa au la, na upimaji wao ulianza kupangwa mwishoni mwa Machi tu.

Kisha, tarehe 2 Aprili, Waziri wa Afya Matt Hancock alitangaza lengo la vipimo 100,000 kwa siku kufikia mwisho wa mwezi. Idadi iliyotangazwa kwa siku ya mwisho ilizidi 122,000, ingawa ndani yake zilihesabiwa seti 40,000 hivi zilizotumwa kwa njia ya posta au kwenye vituo na ambazo hazikuwa zimerudi na sampuli. Sitaki kubishana sana juu ya hesabu hiyo, maana ongezeko lenyewe lilikuwa la kweli na kubwa. Linaloniuma ni kwamba jambo lililosemwa halifai tarehe 26 Machi lilikuwa kipaumbele cha taifa wiki moja baadaye, na hakuna sayansi iliyokuwa imegeuka katikati. Kutoka mkutano wa kituo cha reli cha Seoul hadi tangazo la Hancock ni siku 66.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini ninang'ang'ania maneno, ikiwa vifaa vilikuwa havipo na maneno yasingeviumba. Jibu langu ni nyumba za kulelea wazee. Tarehe 17 Machi hospitali za England ziliagizwa kuwaruhusu wagonjwa walioweza kuondoka, ili vitanda 15,000 vipatikane kwa wimbi lililokuwa likija. Kati ya siku hiyo na 15 Aprili, watu 25,000 hivi walihamishiwa katika nyumba hizo. Mwongozo uliotolewa tarehe 2 Aprili ulieleza kwamba majibu ya kipimo yanayoonyesha mtu hana virusi hayakuwa sharti la kumpokea, na agizo la kumpima kila mmoja kabla ya kumhamisha lilikuja tarehe 15 Aprili. Kati ya mwanzo wa Machi na katikati ya Juni, wakazi zaidi ya 19,000 wa nyumba hizo walikufa kwa vifo vilivyohusishwa na UVIKO-19 katika England na Wales. Si wote walioambukizwa na waliotoka hospitalini, na wahudumu waliohama kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kupimwa walichangia sana. Lakini mlango huu ulikuwa wazi, na ulifunguliwa kwa maandishi.

Serikali ilijitetea mahakamani kwamba haikuwa na vipimo vya kutosha. Naiamini. Tarehe 27 Aprili 2022, Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wanawake wawili waliofiwa na baba zao, haikuihukumu serikali kwa kukosa vipimo. Iliamua kwamba sera ile ilikuwa kinyume cha sheria kwa sababu haikuzingatia hatari ya maambukizi kutoka kwa mtu asiye na dalili, na kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa waziri alifikiria kama wazee hao wapya wangetengwa na wenzao kwa muda wa hadi siku 14. Kumtenga mtu hakuhitaji kitendanishi. Kunahitaji chumba, mlango na mhudumu mmoja anayejua asiingie kwa mwingine bila kunawa na kubadilisha mavazi, na nyumba isiyo na chumba cha ziada ilistahili kuambiwa isimpokee mtu, naye atafutiwe mahali pengine. Aliyekiri kwamba hana kipimo angemchukulia kila anayeingia kuwa huenda ana virusi. Waliokuwa wameambiwa kwamba kipimo si lazima walimpokea mgeni, wakampeleka sebuleni akae pamoja na wengine.