Maswali Yenu: Lindo la Mtaa na Polisi wa Kata

Vijana 12 wa mtaani kwetu wamejitolea kulinda usiku, maana wizi wa betri za bajaji umezidi. Nianzie wapi ili polisi wawatambue? – Mwenyekiti wa mtaa, Temeke

Mwenyekiti, anzia kwenye mkutano wa wakazi, si kituoni. Vijana wapitishwe kwa majina mbele ya watu, kwa sababu jirani anamjua muuza simu za wizi kabla askari hajamjua. Muhtasari na orodha vipite kwa mtendaji, kisha kwa mkaguzi wa polisi wa kata. Kila jina liambatane na nyumba anayoishi, simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na mdhamini. Mkaguzi atamfikishia mkuu wa kituo, naye amfikishie mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), ili askari wa doria wakikutana na vijana wenye marungu saa nane usiku wajue ni akina nani. Wengi huruka hatua hii, na usiku wa kwanza tu walinzi ndio wanaolala mahabusu.

Wagawe makundi matatu ya wanne, kila kundi lilinde usiku mmoja na kupumzika miwili. Ukiwatumia wote kila siku, wiki ya pili watakuwa wanasinzia barazani. Ratiba ifuate wizi wenyewe: kama betri hutoweka kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, lindo linalofungwa saa nane halina faida. Kila kundi liwe na filimbi, tochi, vizibao vya kuakisi mwanga, simu yenye salio na daftari. Mapanga yabaki nyumbani. Wasiingie ndani ya nyumba ya mtu wala kupekua simu yake. Kazi hiyo waiachie polisi.

Michango ndiyo inayoua malindo mengi. Kiwango kipitishwe mkutanoni, mweka hazina atoe stakabadhi, na hesabu ibandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi. Mlinzi asikusanye hela mwenyewe hata siku moja. Akizoea kugonga milango akidai, kesho atawatoza wapita njia, na hapo wakazi wataanza kumwogopa yeye kuliko mwizi.

Tulimkamata mwizi na kumpeleka kituoni. Kesho yake tukamwona mtaani. Kuna maana gani kujisumbua? – Msomaji, Kahama

Ndugu yetu, uchungu wako tunauelewa. Ila kwa makosa mengi dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na aliyepewa dhamana bado ana kesi. Kinachoua kesi mara nyingi ni kukosa mlalamikaji: kundi zima linamsindikiza mtuhumiwa, linamwacha kaunta na kwenda kulala. Mwenye mali lazima aende, aandikishe maelezo, apewe namba ya RB, yaani ya taarifa yake katika kitabu cha kituo, na aulize jina la mpelelezi. Aliyemshika mtuhumiwa aeleze saa, mahali na alichomkuta nacho, naye ndiye akabidhi kielelezo. Betri ikishapita mikono mitano, mahakamani hakuna atakayethibitisha kuwa ni ileile.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu kwa makosa fulani yanayotendeka mbele yake, lakini amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia ofisi ya mtaa hadi asubuhi ni kosa. Kumpiga ni kosa kubwa zaidi: atapewa PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, na nyinyi mtageuka washtakiwa. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walianzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwenu Kahama wazee wanakumbuka jinsi walivyorudisha ng'ombe walioibwa. Wanakumbuka pia waliopigwa bila hatia. Tunasisitiza hili kwa sababu mtu aliyeuawa na "wananchi wenye hasira kali" hawezi kuwataja wenzake wala mnunuzi wa mali ya wizi.

Najua nyumba inayouzwa dawa za kulevya. Nikisema, jina langu halitavuja? – Msomaji, Tanga

Usiseme mkutanoni, wala kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mwone mkaguzi wa kata au OCD ana kwa ana, mbali na mtaa wenu. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwambie askari huyo wazi kwamba hutaki kutajwa. Taarifa ibebe mambo ya kufanyia kazi: siku, saa wateja wanapofika, aina ya chombo cha usafiri wanachotumia, milango ya kutokea. Palipo na hatari ya papo hapo, piga 112, bila malipo, na utaje kwanza mahali ulipo: kata, mtaa, kisha alama ya karibu kama msikiti, shule au kituo cha daladala.