Jibu: Sampo inavuja, napaka silikoni nene pande zote mbili

Mkuu, weka hiyo tyubu ya silikoni chini kwanza. Umesema sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inavuja na utapaka nene juu na chini "isivuje tena maisha". Maneno hayohayo niliyasema mimi, na injini yangu ikafa.

Fundi aliyenifungia sampo alimaliza tyubu nzima. Alipokaza bolti, silikoni ikatokeza nje kila upande, akaipangusa kwa kidole: "Unaona? Imeshiba." Nami nikafurahi! Hakuniambia kwamba kama imetokeza nje, basi na ndani imetokeza vilevile. Ya nje unaifuta. Ya ndani inaning'inia kama vipande vya mpira, oili ya moto inaipigapiga mpaka inakatika, halafu pampu inaivuta hadi kwenye chujio lake kule ndani ya sampo.

Taa ya oili ikaanza kuwaka gari likiwa limesimama linanguruma. Nikamrudia. "Hiyo ni swichi tu, endesha." Nikaendesha! Siku ya nne injini ikaanza kugonga. Kushusha sampo, oili imo tele, ila chujio limezibwa na silikoni, kwa hiyo oili ilikuwa haifiki juu. Beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zimelika hadi shaba inaonekana, krenki yenyewe imekwaruzika. Vitone vichache vya oili vimenigharimu injini nzima, na yule fundi mpaka leo anasema oili ilikuwa mbaya. Bado inaniuma.

Kwa hiyo shika hili: uzi mwembamba wa silikoni, milimita 3, upande mmoja tu, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti na kuyazunguka. Ukiona unatamani kuongeza, acha. Silikoni haishiki penye mafuta, kwa hiyo kwangua ya zamani yote na usafishe chuma mpaka kikauke kabisa. Funga kabla haijaota ngozi, kaza kidogo kwa mkono, subiri kama saa 1, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Oili utie baada ya saa 24, hata kama una haraka.

Kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, usithubutu, petroli inaivimbisha na kuilegeza.

Na kama ulishapaka jana, usiwashe. Shusha sampo tena, pitisha kidole ukingo wa ndani, uone mwenyewe kilichojificha humo.